Bi Fumua, Mwalimu wa Darizi Aliyetuchosha kwa Miaka Thelathini na Miwili

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi kamili jioni, mwalimu wetu wa darizi atakabidhi ufunguo wa karakana namba tatu na kustaafu rasmi, baada ya kukitumikia chuo hiki kwa miaka thelathini na miwili, miezi minne na siku kumi na moja. Karani wa masjala ndiye aliyezihesabu siku hizo. Alizihesabu mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alipata siku tisa, na mstaafu mtarajiwa alimrudishia karatasi na kumwomba, kwa upole ule ule unaotuua sote, aanze upya.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa karakana yangu ya cherehani inapakana na yake. Tumegawana ukuta mmoja, kabati moja na bomba moja la kunawia mikono kwa miaka ishirini na tisa. Mkuu wa chuo anaamini kwamba jirani ndiye anayemjua mtu. Ni kweli. Namjua mpaka nimechoka. Wenzangu wamenisihi nisiandike kwa hasira, nami nimejitahidi. Rasimu ya kwanza nimeichana.

Jina lake limo kwenye faili na wengi wetu hatujapata kulisoma. Hapa chuoni anaitwa Bi Fumua. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, na hawakukosea. Ukimpelekea kazi yako, hatazami maua uliyoyadarizi. Anageuza kitambaa na kutazama mgongo wake. Akikuta fundo, au uzi ulioruka kutoka ua moja hadi jingine kama mtu anayekatiza shamba la jirani, anakurudishia na neno moja tu: "Fumua." Hapandishi sauti. Hakunji uso. Angekuwa anafoka, angalau tungepata la kumsema.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hulia. Wa mwaka wa pili huficha kazi chini ya dawati. Wa mwaka wa tatu hukaguana wenyewe kwa wenyewe na kuambiana lile neno kabla hajafika, na hapo yeye huketi na kunywa chai yake bila wasiwasi. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Hawakusema mvumilivu aliyefundishwa na Bi Fumua atakula lini.

Na hakuishia darasani. Katibu muhtasi wetu alipoolewa, Bi Fumua alikwenda ukumbini kumpongeza kama watu wote. Akainama kana kwamba anamnyoshea bibi harusi pindo la gauni, akaligeuza. Sisi tuliokaa karibu tuliuona uso wake, tukajua yamekwisha. Dakika ishirini za sherehe zilipita bibi harusi akiwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amesimama juu ya kiti, na Bi Fumua amepiga magoti chini yake na pini mdomoni. Bwana harusi alidhani ameachwa.

Alizaliwa kwa fundi magodoro. Sindano yake ya kwanza ilikuwa ile ndefu ya kushonea godoro, ndefu kuliko mkono wake wakati huo, na baba yake alimfundisha kwamba mshono mbaya wa godoro hauonekani dukani. Huonekana baada ya mwaka, mtu akiwa amelala. Nadhani ndiko maradhi yalikoanzia.

Alipoajiriwa hapa hakuja kufundisha. Alikuja kuwa msaidizi wa stoo ya nyuzi. Mwalimu wa darizi wa wakati huo akaenda likizo, naye akaambiwa alishike darasa kwa wiki mbili. Wiki hizo mbili ndizo zinazomalizika tarehe thelathini.

Kwa miaka minne ya mwanzo alifundisha kilichokuwa kwenye mtaala: foronya zenye maua ya waridi, ndege wawili wanaotazamana, na maneno "Lala Salama". Kama angebaki hapo, chuo hiki kingekuwa mahali pa amani. Lakini mkabala na geti letu palikuwa na duka la misumari, na mke wa muuza misumari alikuwa na mtandio wa kurithi kwa nyanya yake, wa kazi ya Kihindi, uliojaa vioo vidogo vya mviringo. Siku moja mama huyo akapita mbele ya geti. Bi Fumua akamfuata hadi dukani bila kusema neno, mpaka muuza misumari akashika nyundo.

"Samahani, mama," Bi Fumua akasema. "Hivi vioo vinashikwa na nini? Gundi?"

Yule mama akacheka. "Gundi gani? Ni uzi tu, dada. Njoo Jumamosi."

Alikwenda Jumamosi zote kwa miezi minane. Alijifunza kukifungia kioo kisicho na tundu kwa nyuzi nne zilizokatana, kisha kukizungushia uzi mpaka kisimame imara kama jicho kwenye kope. Kila Jumatatu alirudi na vidole vilivyotobolewa, na kwa kuwa yeye hawezi kujua kitu peke yake, alitufundisha sote. Mpishi wa bweni anajua kufungia kioo. Mlinzi wa geti anajua. Hakuna aliyewauliza kama walitaka kujua.

Akaja mhandisi wa pampu za maji, kijana wa Kijapani, kuwafundisha mafundi bomba wetu kwa miezi mitano. Suruali yake ya kazi ilikuwa na viraka magotini, vya mshono mweupe juu ya buluu iliyoiva, mishono midogo iliyojipanga kama punje za mchele. Bi Fumua alitaka kujua uzi unageukia wapi mwishoni mwa mstari. Njia pekee ya kujua ilikuwa kuifumua suruali. Kijana wa watu, kwa adabu aliyolelewa nayo, akakubali, akakaa stoo saa mbili nzima amejifunga pazia kiunoni huku kikao cha walimu kikimsubiri. Bi Fumua alipomuuliza nani alimfundisha, alimjibu kwa Kiswahili chake cha miezi mitatu: "Bibi yangu. Nguo haribika, shona. Haribika tena, shona tena. Basi." Bi Fumua aliandika maneno hayo kwenye kadi na kuyabandika ukutani, na wakaguzi wa mitihani wakalalamika kwamba yana makosa ya sarufi.

Kadi hizo, moja kwa kila mshono na jina la aliyeuleta, nazo zilikuwa balaa jingine. Alijiwekea sheria kwamba hafundishi mshono ambao hakufundishwa na mwenyewe, na kwamba kila somo linaanza kwa kumtaja huyo mwenyewe. Kwa hiyo somo la saa moja lilianza na dakika kumi za nani alimfundisha nani, na nyanya ya nani alikuwa mkali kiasi gani. Ratiba yake haikuwahi kwisha. Mwalimu wa taaluma wa zamani alistaafu na kuiacha ikiwa bado inadaiwa masomo.

Miaka kumi na miwili iliyopita akaja bibi wa misalaba.

Huyu alikuwa mama mzazi wa muuguzi wa zahanati iliyo nyuma ya chuo. Kwao kulikuwa na vita, na binti akamleta aishi naye. Alikuja na sanduku moja, na ndani ya sanduku gauni moja jeusi, lililodariziwa misalaba midogo myekundu, maelfu kwa maelfu, kuanzia kifuani hadi pindoni. Hakujua neno la lugha yetu. Bi Fumua hakujua neno la lugha yake. Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo.

Siku ya kwanza Bi Fumua alimwonesha kitambaa chake bora, kile anachokitoa kabatini wakija wakubwa. Yule bibi hakuyatazama maua. Alikigeuza. Akautazama mgongo wa kitambaa kwa muda mrefu, akatoa mkasi mdogo mfukoni, akakata uzi, akaanza kuvuta. Wanafunzi walijiziba midomo. Mimi nilikuwa dirishani, na sitaficha: nilikimbia kuwaita walimu wengine waje waone.

Kwa miezi kumi na mmoja Bi Fumua akawa mwanafunzi. Alifumuliwa Jumatatu, akafumuliwa Alhamisi. Tulitumaini kwamba kuonja dawa yake kungemlainisha. Thubutu! Alichofumuliwa asubuhi, wanafunzi wake walifumuliwa mchana, na kwa furaha zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na mtu wa kumtaja. Lakini nilianza kuona kitu ambacho sikutaka kukiona. Yule bibi, aliyekuwa akishinda amekaa kwenye kiti cha zahanati akitazama mlango, alikuwa sasa anafika getini kabla ya kengele.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo chuo kizima kinalijua na hakuna aliyewahi kuliandika.

Chuo kilikuwa kinatimiza miaka arobaini. Bodi ilikuwa inakuja, na bodi ilikuwa na uamuzi wa kufanya: ama karakana namba tatu iendelee na darizi ya mkono, ama ipewe mashine mpya ya kudarizi inayoongozwa na kompyuta. Mkuu wa chuo wa wakati ule akaagiza ishonwe nguo kubwa ya ukutani, mita sita, ioneshe kila mshono unaofundishwa hapa, ili bodi ikiingia ukumbini ijibiwe kabla haijauliza. Madarasa mawili yaliifanyia kazi miezi saba. Kulikuwa na kipande cha waridi, kipande cha vioo, kipande cha punje za mchele. Katikati palikuwa na kipande cheusi cha misalaba, na katikati ya hicho Bi Fumua alidarizi kwa mkono wake mwenyewe mti wenye matawi saba, na juu ya tawi la mwisho ndege aliyegeuza shingo kutazama nyuma. Ulimchukua wiki sita. Nasema hivi nikiwa fundi ambaye hapendi kusifu: ulikuwa mkono bora kabisa niliopata kuuona.

Bodi ilikuwa inakuja Ijumaa. Jumatatu, yule bibi akaletwa na binti yake kuitazama nguo.

Alipita kipande baada ya kipande, akijitazama kwenye vioo na kucheka. Alipofika katikati akasimama. Hakuigeuza. Hilo ndilo lililonishtua, kwamba kwa mara ya kwanza hakutaka kuuona mgongo. Aliweka kiganja juu ya yule ndege, akasema maneno machache bila kumtazama mtu.

Muuguzi alichelewa kutafsiri. "Anasema, pambo hili sikukufundisha."

"Nililiona kwenye mkono wa gauni lake," Bi Fumua akasema. "Nikalihesabu kwa macho."

"Hilo lilichorwa na dada yangu," muuguzi akasema, na sasa hakuwa anatafsiri. "Alikuwa na miaka kumi na sita. Alilitunga mwenyewe, akamdarizia mama. Sisi tulifika huku. Yeye hakufika. Mama amekufundisha kila kitu anachokijua, mwalimu. Hilo alilipita makusudi."

Kisha yule bibi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio na kusema tena, na safari hii aliipapasa mikono ya Bi Fumua. Muuguzi akatafsiri haraka: anasema liacheni, wageni wanakuja, kazi ni nzuri, haina neno.

Sote tulishusha pumzi. Mkuu akasema, "Ahsante sana, Mama, Mungu akuweke," na tayari alikuwa ameanza kuhesabu viti.

"Nileteeni mkasi mdogo," Bi Fumua akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimvuta pembeni. "Dada, mwenyewe kasamehe! Umemsikia kwa masikio yako."

"Amesamehe," akanijibu. "Hajanipa."

Mkuu alikuwa ameshapandwa na hasira. "Mwalimu, Ijumaa bodi inakuja! Unataka waingie waone tundu katikati ya nguo?"

"Sasa niwaoneshe nini, Mkuu? Nilichoiba?"

Nilimwambia maneno mengi siku ile ambayo siwezi kuyaandika kwenye jarida la watumishi. Nilimwambia kwamba ubishi wake utaiua karakana, kwamba wanafunzi ndio watakaoumia na si yeye, na kwamba kuna watu hufanya wema ili waonekane. Wanafunzi wakasogea na mikasi yao kumsaidia, akawakatalia. Akasema kila mtu hufumua cha kwake. Akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza na ndege.

Kufumua misalaba ni kazi mbaya kuliko kuishona. Ukivuta kwa nguvu, kitambaa kinachanika. Ukivuta taratibu, unazeeka. Alivuta Jumatatu iliyosalia, Jumanne na Jumatano mpaka kengele ya kutoka. Alipomaliza, kitambaa kile cheusi kilibaki na vitundu vya sindano. Ukisimama mbali unaona weusi mtupu. Ukikaribia, ndege bado yupo, amechorwa kwa vitobo.

Ijumaa bodi ikaja. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya dhahabu, alisifu vioo, akasifu punje za mchele, akafika katikati na kuuliza pale pamefanya nini. Mkuu alikuwa na jibu lake tayari: kazi bado inaendelea. Hakuwahi kulitoa. Bi Fumua alikuwa ameshasimama.

"Hapo palikuwa na nakshi ya mtu, mheshimiwa. Niliichukua bila kupewa. Nimeirudisha."

Mwenyekiti alimtazama, akaandika kitu kwenye daftari lake. Niliitazama ile kalamu kama mshtakiwa anavyoitazama kalamu ya hakimu.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Madarasa ya darizi yapunguzwe kutoka mawili hadi moja. Karakana namba tatu igawanywe kwa ukuta wa mbao, nusu yake iwekwe mashine. Mashine iwe chini ya mwalimu wa cherehani, yaani mimi. Haikuwa na sentensi yoyote kuhusu lile tundu, na mpaka leo sijui kama tundu ndilo lililotuponza au uamuzi ulikuwa umeshapita kabla. Wakati ule sikuwa na shaka. Nilipita mlangoni kwake miezi kadhaa nikimsalimia kama anayelipa ushuru.

Wanafunzi kumi na wawili walihamishiwa kozi nyingine. Bi Fumua alikwenda nyumbani kwa kila mmoja kuwaeleza wazazi kwamba kosa ni lake. Mmoja, msichana mwenye mkono mwepesi ajabu, aliacha chuo kabisa. Kwao alikwenda mara nne. Mara tatu mlango haukufunguliwa. Mara ya nne alifunguliwa, akapewa maji, akasikilizwa hadi mwisho, na msichana hakurudi. Huwa halizungumzi hilo. Ninalijua kwa sababu mara ya nne nilimsindikiza, nikiwa bado nimenuna.

Mashine ikaja. Siku ya kwanza ya mafunzo niliingia darasani na kumkuta ameketi mbele kabisa, na daftari jipya. Nilidhani amekuja kunikejeli.

"Dada, hii ndiyo iliyokutoa kwenye nusu ya chumba chako," nikamwambia.

"Najua. Nifundishe na hii." Aliitazama ile mashine yenye sindano sita kama alivyomtazama mke wa muuza misumari siku ile. "Hii nayo ina watu wake, mdogo wangu. Kuna mtu alikaa akafikiri."

Mimi nilikuwa nimepata mafunzo ya wiki mbili tu, na kitabu cha maelekezo nilikuwa nimekificha kabatini ili wanafunzi wasinizidi. Aliuliza kwa nini kitambaa kinajikunja mishono ikiwa mingi. Sikujua. Akauliza mashine inajuaje pa kuanzia. Sikujua. Aliuliza kwa heshima kabisa, kalamu mkononi, akisubiri, na hakuna kitu kinachokera kama mtu anayeamini kwamba unajua. Nilitoa kile kitabu kabatini nikakisoma chote kwa mwezi mmoja. Kama leo watu husema mimi ni mtaalamu wa mashine ile, wajue nilisukumwa mpaka ukutani. Na siku nilipoona kosa kwenye kazi yake na kumwambia lile neno lake mwenyewe, nilikuwa nimelisubiri kwa miaka. Alitabasamu kama aliyepewa zawadi, akaanza upya mbele ya wanafunzi wangu wote. Hata raha yenyewe hakuniachia.

Yule bibi hakukanyaga chuoni miezi minne. Kila Jumamosi Bi Fumua alikwenda kwa muuguzi, akabisha hodi, akasalimia, akauliza hali, akaondoka. Hakubeba kitambaa wala sindano. Mwezi wa tano bibi akamshika mkono mlangoni, akamwingiza ndani, akamkalisha na kulileta lile gauni jeusi. Akaweka kidole kwenye tawi la kwanza.

Walichukua miaka miwili. Tawi moja, kisha kimya cha wiki kadhaa, kisha tawi jingine. Ndege alikuwa wa mwisho. Bi Fumua aliposema kwamba amemaliza kufundishwa, nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Nilikwenda mwenyewe stoo, nikabeba ngazi mabegani hadi ukumbini, nikaiegemeza ukutani chini ya lile pengo, nikamwita.

Alikuja, akaitazama ngazi, akanitazama mimi. "Nimefundishwa kulidarizi, mdogo wangu," akasema. "Sikufundishwa kuligawa."

Nikairudisha ngazi stoo. Njia ni ndefu, na ngazi ilikuwa imezidi uzito.

Mti ule alioudarizi kwa miaka miwili, pamoja na ndege wake, alimpa muuguzi, ambaye hakuwa na hata picha ya dada yake. Muuguzi ameuweka kwenye fremu juu ya meza ya kulia. Bibi alifariki miaka mitatu iliyopita, amekaa mkabala nao, mchana, akiwa na subana ya kushonea kidoleni. Nguo yetu bado iko ukumbini na pengo lake. Hakuna mgeni anayeingia bila kuuliza, na hakuna Mkuu anayeweza kumjibu kwa sentensi moja. Vikao vingi vimechelewa kwa sababu hiyo.

Inanipasa kutaja mafanikio, maana fomu ya jarida inataka. Amefundisha zaidi ya wanafunzi mia nane. Ishirini na mmoja kati yao ni walimu wa darizi mahali pengine, na nimewahi kukutana na mmoja: naye hugeuza kitambaa kwanza. Ametuachia kadi sitini na tatu ukutani, kila moja na mshono na jina la aliyeuleta. Kadi ya mashine ina jina langu. Niliomba itolewe. Haikutolewa.

Tulidhani sasa atapumzika. Mwezi uliopita ilifika barua kutoka kwa mfumi mmoja, mwanamke wa miaka ishirini na minane, anayekaa safari ya siku mbili kutoka hapa na kufuma vitambaa kwa mkono kwenye kitanda cha mfumi, kile kiunzi cha mbao cha kutegea nyuzi, alichoachiwa na wazee wake. Bi Fumua amemwomba amchukue kama mwanafunzi. Ana miaka sitini, magoti yanamsumbua, na anataka kwenda kukanyaga kanyagio za mbao kutwa nzima chini ya mtu anayeweza kuwa binti yake. Mfumi huyo hachukui kila anayekuja. Ametuma karatasi ijazwe na mahali mwombaji alipofanya kazi, na swali ni moja tu: je, mtu huyu anafundishika? Chini yake imeachwa mistari mitatu.

Mkuu aliniletea niijaze. Nilikaa nayo siku mbili. Nilitaka kuandika kwamba ni mbishi, kwamba atauliza maswali mpaka kichwa kikuume, kwamba hatakubali kitu hata kikiwa kizuri. Yote ni kweli, na mistari ilikuwa mitatu. Mwishowe niliandika hivi:

"Anafundishika kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha au aliyenifundisha. Mweke karibu na dirisha, macho yake yanataka mwanga siku hizi. Akinyamaza sana mpe kiti, kwa maana hajui kusema nimechoka."

Mfumi amejibu. Amemkubali.

Kwa niaba ya watumishi na wanafunzi wote, waliolia na waliocheka: ahsante, dada, kwa miaka yote, hata ile niliyokuwa nimenuna. Nenda salama. Uishi vizuri, ulale vya kutosha, na uzi wa kwanza ukikukatikia huko ugenini usione haya kutuandikia. Mimi ndiye nitakayeijibu barua, nami nitajibu siku hiyo hiyo.